Pesa itarudi baada ya siku ngapi? Njia za kuanza biashara ndogo na kuikuza

Anayetaka kuanza biashara huuliza kwanza, "Biashara gani inalipa?" Jibu la Kariakoo si jibu la Nzega, na faida anayoitaja jirani hujui ametoa gharama zipi na ameziacha zipi. Swali lenye msaada ni jingine: shilingi ikitoka mfukoni leo, itarudi baada ya siku ngapi, na ikirudi imebeba nini juu yake? Kwa swali hilo unaweza kupima genge, maandazi, uwakala, kuku au duka la kununua, ukajua ni lipi linalingana na mtaji ulionao.

Maelezo ya leseni na kodi hapa ni ya Tanzania Bara. Bei za bidhaa ni za mfano wa hesabu tu: zifute, weka za sokoni kwako, kisha rudia hesabu.

Hatua ya kwanza: gawa pesa kabla hujanunua chochote

Pesa yote uliyonayo si mtaji. Tenga kwanza chakula na kodi ya nyumba ya miezi miwili, kwa sababu biashara changa ikibebeshwa chakula cha nyumbani tangu wiki ya kwanza, mtaji hukatika. Kinachobaki kigawe: vifaa, mzunguko (bidhaa au malighafi), na akiba ya dharura isiyopungua robo. Wengi humaliza pesa kwenye meza, mwavuli, bango na friji, wakabaki na elfu hamsini ya kununulia bidhaa. Friji haiuzi kitu kama haina kitu ndani.

Njia ya kupika: maandazi, kwa gramu

Hii ndiyo njia yenye mzunguko wa haraka kuliko zote. Unanunua ngano jioni, unauza asubuhi, na saa nne pesa imerudi. Ndiyo pia njia ambayo watu hufanya kazi miezi sita bila kujua kwamba hawapati kitu. Tuchukue kilo 5 za ngano:

- Ngano kilo 5 kwa 2,000: Sh 10,000
- Sukari gramu 750: Sh 2,250
- Hamira gramu 50: Sh 1,500
- Nazi mbili, kwa tui la lita 2.5: Sh 2,400
- Iliki: Sh 500
- Mafuta yanayonywewa, lita moja hivi: Sh 5,500
- Mkaa: Sh 2,000
- Bahasha za kaki na maji: Sh 1,500

Jumla ni Sh 25,650. Ngano, sukari, hamira na tui vinatoa donge la kilo 8.3 hivi. Ukikata maandazi ya gramu 60, unapata 138. Toa matatu yanayoungua au kuvunjika, yanabaki 135. Kwa Sh 200 kila moja ni 27,000. Umeamka saa tisa usiku kwa faida ya Sh 1,350.

Ukikata kwa macho na mkono ukawa mwepesi, andazi likafika gramu 70, unapata kama 115 ya kuuza. Hiyo ni Sh 23,000, yaani umepata hasara ya Sh 2,650 na wateja wanakusifu kwa maandazi makubwa. Kata gramu 45, unapata 180 ya kuuza, ambayo ni Sh 36,000. Mafuta yataongezeka kidogo, weka 500 zaidi, na faida inakuwa Sh 9,850. Unga ni uleule na jiko ni lilelile. Kilichobadilika ni gramu 15. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua katika biashara ya vitafunwa ni mzani mdogo wa jikoni, kabla ya sufuria mpya na kabla ya kabati la kioo. Pima kila donge kwa wiki mbili za kwanza, hadi mkono uzoee.

Ikiwa mtaa wako hautaki andazi dogo, panda hadi 300 kwa la gramu 60. Yakiisha yote 135, faida ni Sh 14,850. Jaribu siku tatu, si moja, na uhesabu yaliyobaki.

Mengine yanayokula faida: mafuta yasipopata moto wa kutosha, andazi linayanywa. Tupia kipande kidogo cha donge; kikizama na kukaa chini, subiri; kikipanda juu mara moja na kuzungukwa na mapovu, anza. Na kwenye joto la pwani donge huumuka haraka mno, linachacha na kutoka na matundu. Punguza hamira badala ya kuharakisha kukata.

Njia ya uchuuzi: genge

Hapa hupiki, unanunua jumla na kuuza rejareja. Faida haipo kwenye bei peke yake, ipo kwenye kinachooza. Ndoo ya nyanya ya Sh 25,000 ikitoa mafungu 70 ya Sh 500, unategemea 35,000 na faida ya elfu kumi. Asilimia 15 ikioza, yanabaki mafungu 59, sawa na Sh 29,500. Faida imeshuka hadi 4,500, na hapo nauli ya bodaboda bado hujaitoa.

Sokoni fungua ndoo mpaka chini kabla ya kulipa. Zilizo juu hupangwa kwa ajili ya macho yako. Nunua mchanganyiko: za kuuza leo, za kesho na zilizo nusu mbivu za keshokutwa. Usioshe nyanya unazozilaza, unyevu unaziozesha. Ikifika saa kumi jioni, zilizolainika zipangie fungu kubwa zaidi kwa bei ileile, mama lishe watazichukua kwa rosti. Ukisubiri bei kamili hadi usiku, asubuhi utazitupa.

Ukishaaminika na muuzaji wa jumla, anaweza kukupa mali kauli: unachukua mzigo, unalipa ukiuza. Huo ni mkopo usio na riba, lakini iulizie bei ya keshi ya mzigo huohuo. Mara nyingi riba imefichwa humo.

Njia ya uwakala wa pesa

Pesa hapa hairudi, inazunguka ikibadilika sura: mara ni keshi droo, mara ni floti, yaani salio la wakala kwenye simu. Unacholipwa ni kamisheni, na kamisheni hufuata idadi ya miamala, kwa hiyo eneo ni kila kitu. Stendi, soko, karibu na kituo cha afya, njia ya wafanyakazi wa kiwanda. Ndani ya mtaa wa makazi, penye mawakala watano tayari, mtaji wa milioni moja utakaa kimya.

Kosa la kawaida ni kugawa mtaji nusu kwa nusu na kuuacha hivyo mwezi mzima. Mwisho wa mwezi watu hutoa, keshi inakata. Siku ya gulio wafanyabiashara huweka, floti inakata. Andika kwa wiki nne: siku gani, saa ngapi, uliishiwa nini. Kila mteja uliyemrudisha ni kamisheni iliyokwenda kwa jirani. Baada ya hapo utajua ijumaa gani ya kwenda benki asubuhi.

Wizi wa uwakala huja kwa njia zilezile. Meseji ya muamala inayofanana na ya kweli: usitoe keshi kwa kusoma meseji, fungua menyu uangalie salio. Mtu anayepiga akijifanya wa mtandao na kukutaka ubonyeze namba fulani: kata. Mteja anayekuharakisha huku mwenzake anauliza bei za vocha: malizana na mmoja kwanza. Namba za matapeli tuma kwenda 15040, namba iliyotengwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na laini ya wakala isitumike kwa pesa yako ya nyumbani hata siku moja.

Njia ya kufuga: kuku wa nyama

Wengi huivamia hii kwa sababu karatasi inavutia. Vifaranga 100 kwa 1,800 ni Sh 180,000. Kila kuku atakula kama kilo 3 hadi kufikia uzito wa kuuza, wiki ya nne na siku kadhaa, kwa hiyo mifuko 6 ya kilo 50. Kwa 75,000 ni Sh 450,000. Chanjo na vitamini 30,000, mkaa na taa 40,000, maranda 15,000. Jumla Sh 715,000, banda ukiwa nalo tayari.

Wakifa watano na ukauza 95 kwa 8,000, unapata 760,000, faida ya Sh 45,000. Soko likishuka hadi 7,000 unapata 665,000: hasara ya elfu hamsini. Na wasipouzika siku hiyo, hawaachi kula. Kuku 95 wakila gramu 150 kila mmoja, ni kilo 14 na zaidi kwa siku, yaani Sh 21,000 hivi. Siku mbili tu za kumngoja mnunuzi aliyesema "nakuja kesho" zinatosha kumaliza karibu faida yote.

Linganisha na maandazi ya gramu 45: mtaji wa elfu ishirini na sita, ukizunguka siku 26 kwa faida ya 9,850, unaleta Sh 256,100 kwa mwezi. Kuku walishika laki saba mwezi mzima wakaleta elfu arobaini na tano. Maandazi nayo yana dari yake, kwani mtaa unakula idadi fulani tu, na kuku ukifikisha mia tano, ukachanganya chakula mwenyewe na kuuza waliochinjwa kwa mahoteli, hesabu inabadilika. Lakini kwa mtaji wa kwanza, kuku ni njia ngumu kuliko inavyosemwa.

Ukiamua kufuga hata hivyo, fuata mpangilio huu:

1. Pata wanunuzi kabla ya vifaranga. Angalau nusu ya kuku wawe na mwenyewe anayejulikana, tarehe na bei.
2. Pasha joto chumba cha vifaranga saa kadhaa kabla hawajafika. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Wakijikusanya chini ya jiko, baridi. Wakikimbilia ukutani na kuhema, joto limezidi.
3. Nafasi: kuku 10 kwa mita moja ya mraba, si zaidi.
4. Chanjo ya kideri karibu siku ya 7, gumboro karibu ya 14, kisha marudio kwa ratiba unayopewa na muuza vifaranga. Usichanganye chanjo na maji ya bomba yenye klorini. Klorini huiua chanjo, na kuku watakufa huku ukiapa kwamba walichanjwa.
5. Maranda yakilowa, yaondoe siku hiyohiyo. Harufu kali ya kukereketa macho ni dalili kwamba umechelewa.

Njia ya kununua biashara ya mtu

Fremu, yaani chumba cha duka, yenye wateja huuzwa kwa kilemba: pesa ya kuachiwa nafasi, juu ya bei ya bidhaa. Inaweza kuwa nafuu kuliko kuanza, ikiwa unachonunua kipo kweli. Kaa dukani siku tatu tangu kufungua hadi kufunga, mojawapo iwe katikati ya mwezi mauzo yanapopoa, uhesabu mwenyewe. Daftari la muuzaji litazame, usilitegemee.

Kabla ya kulipa kilemba, onana na mwenye nyumba, si dalali wake, na upate mkataba mpya wenye jina lako. Kuna waliolipa kilemba leo na kupewa notisi mwezi unaofuata. Hesabu bidhaa moja moja na ukatae zilizobakiza chini ya miezi mitatu kuisha muda. Uliza bili ya maji. Na TIN (namba ya mlipakodi), leseni na mashine ya EFD ya kutolea risiti ni vya muuzaji, havikuhusu. Wewe utatafuta vyako.

Kodi ya fremu ina mtego wake. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kama kodi ya zuio, pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwenye mkataba. Kwa fremu ya laki moja kwa mwezi, ukilipa miezi sita, elfu sitini ni ya TRA. Wenye nyumba wengi husema wanataka laki sita yao kamili, na mzigo unabaki kwako. Lizungumzeni kabla ya kusaini, maana deni hilo hujitokeza siku unapotafuta hati ya kuthibitisha ulipaji kodi ili upate leseni.

Karatasi, kwa mpangilio unaookoa safari

Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kwanza. Bila hiyo huendi popote. Kisha TIN kutoka TRA, inayotolewa bure, kwa hiyo anayekudai pesa ya TIN anakuibia. Jina la biashara ukilihitaji, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Kumbuka kwamba jina la biashara halikutenganishi na deni: duka likidaiwa, wewe unadaiwa, hadi kiti cha sebuleni. Leseni ya biashara nyingi ndogo hutoka halmashauri, siku hizi kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na huhuishwa kila mwaka. Chakula kilichofungashwa na kuwekewa lebo kinahitaji idhini ya TBS, shirika la viwango. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa sababu wao hufundisha usindikaji na hutoa barua ya utambulisho inayompunguzia mjasiriamali mdogo mzigo wa gharama.

Kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo hufuata mauzo ya mwaka, si faida. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi. Kuanzia hapo hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu hutozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 kwa mwaka, daftari lako linageuza laki moja kuwa elfu thelathini. Hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Viwango huguswa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila Julai, kwa hiyo mwezi huo pitia TRA uulize upya.

Daftari

Safu sita zinatosha: tarehe, mauzo ya keshi, mauzo ya simu, manunuzi, matumizi mengine, na ulichochukua nyumbani. Ukurasa wa nyuma uwe wa madeni, jina na tarehe ya ahadi. Soda uliyokunywa mwenyewe iandike. Mteja anayelipia kwa lipa namba anakuandikia nusu ya daftari bure, na taarifa hiyo ndiyo benki huiomba ukienda kukopa.

Jipangie posho ya wiki, ndogo na isiyobadilika. Ukichota kila unapopata shida, hutajua kama biashara inakufa au wewe ndiye unayeila.

Kuongeza mtaji

Faida iliyobakizwa ndiyo mtaji wa bei rahisi, ikifuatiwa na kikoba kilichosajiliwa, ambako riba unayolipa inarudi kwenye gawio lenu wenyewe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana huomba kwa kikundi chenye katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu viliundwa kwa ajili ya mkopo, wanachama wakagawana pesa na wa mwisho akabaki kulipia wenzake. Shirikiana na watu ambao tayari mnauziana au kuweka akiba pamoja.

Mkopo wa kausha damu upime kwa hesabu ya siku. Umeandikiwa 200,000, wanakata elfu ishirini ya fomu, unaondoka na 180,000. Unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 30, jumla 300,000. Rudi kwenye maandazi yetu: faida ya siku ilikuwa 9,850. Hata usipokula chochote, biashara hiyo haiwezi kulipa rejesho la siku moja.

Kukua: msaidizi na tawi la pili

Kabla ya kufungua tawi, liache la kwanza siku saba mikononi mwa msaidizi na uone mauzo. Yakishuka kwa theluthi, wateja wanakufuata wewe, na tawi la pili litaligawanya duka lako mara mbili.

Msaidizi hakaguliwi kwa kumtazama, hukaguliwa kwa hesabu ya bidhaa. Mfano wa soda: asubuhi zilikuwa chupa 30, mchana ziliingia kreti mbili za chupa 24, yaani 48. Jioni zimebaki 41. Zilizouzwa ni 37; zidisha kwa bei, ulinganishe na droo pamoja na simu. Fanya hivyo kwa bidhaa tatu zinazotoka sana kila jioni, na duka zima mara moja kwa mwezi. Upungufu mdogo wa kila siku kwenye bidhaa moja una mwenyewe. Upungufu wa hapa na pale mara nyingi ni chenji. Mwambie msaidizi utaratibu huu siku ya kwanza, kabla hakujatokea upotevu, ili usionekane unamshuku. Akiwa wa kudumu, mpe mkataba wa maandishi na uweke kwenye hesabu michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara kwa ujumla wenu wawili, pamoja na ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi.

Mauzo yakikaribia milioni 200 kwa mwaka, tafuta mhasibu kabla hujavuka, kwani hapo ndipo usajili wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, unapokuwa lazima.